Kabla ya Dole Gumba: Nani Huamua Tiba Katika Wodi Zetu



Nianze na mama mmoja aliyeletwa wodi ya wazazi usiku, katika hospitali moja ya mkoa wetu huku Musoma, mwaka wangu wa kwanza wa udaktari. Uchungu ulikuwa umemshika tangu asubuhi ya siku iliyotangulia. Njia haifunguki, mapigo ya moyo wa mtoto yanashuka. Kitabibu jambo lilikuwa jepesi: apasuliwe. Nikachukua fomu ya ridhaa, nikainama kitandani, nikamweleza harakaharaka, nikamsogezea wino atie dole gumba. Hakunitazama. Alitazama mlangoni, aliposimama mama mkwe wake na kanga begani. Mama mkwe akasema, "Tumsubiri mwenye mke." Mwenye mke alikuwa ziwani anavua dagaa, simu haipatikani.

Nikakasirika. Nikarudia maneno yaleyale kwa sauti kubwa zaidi, kama vile tatizo lilikuwa masikio yao. Karibu saa nzima ikapotea hivyo. Ndipo muuguzi wa zamu, mama mtu mzima aliyekaribia kustaafu, akatoka nje, akaketi na mama mkwe kwenye benchi. Wakaamkiana, wakaulizana kwao ni wapi, kisha akamuuliza swali ambalo mimi sikuwa nimeliwaza: "Mama, unachoogopa ni nini?"

Kumbe binti yake mwenyewe aliwahi kuingia chumba cha upasuaji akiongea, akatolewa amefunikwa shuka. Tena alisikia kwamba mwanamke akipasuliwa mara moja uzazi wake umekwisha; mwanawe akirudi kutoka ziwani atamwambia, wewe ndiye uliyeruhusu wamharibu mke wangu. Na ndugu waliofika naye walikuwa wawili tu: damu ikihitajika itatoka kwa nani? Kila hofu ilikuwa na jibu, na muuguzi alizijibu zote bila haraka. Haikufika dakika kumi. Mama mkwe akasimama, akaingia wodini, akamshika mkwewe bega: "Mwanangu, tia kidole." Mtoto alizaliwa amechoka, akasaidiwa pumzi, akalia.

Kwa maadili ya taaluma yetu, ridhaa ile ilikuwa ya mama yule peke yake: mtu mzima, mwenye akili timamu, mwili ni wake. Sibishani na hilo hata kidogo, na baadaye nitawaonyesha pale nilipolisimamia. Lakini usiku ule nilijifunza kwamba haki ilikuwa yake, na ujasiri wa kuitumia aliutazamia mlangoni. Nami nilikuwa nimeupa mlango mgongo.

Wataalamu wameliona jambo hili kabla yangu. Mwaka 1994 Sereen Thaddeus na Deborah Maine waliandika juu ya ucheleweshaji wa aina tatu unaoua wazazi: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa ukishafika. Angalieni kilichotangulia. Barabara na dawa vinakuja baada ya uamuzi. Leo tuna namba 115 ya mfumo wa m-mama, unapiga bure na gari linatafutwa. Hatua kubwa, naishukuru. Hata hivyo lazima kwanza mtu aseme, "Piga." Miaka 16 kabla ya makala ile, John Janzen alichapisha utafiti wake kutoka Kongo ya Chini, akieleza jinsi mgonjwa anavyozungukwa na kundi la ndugu linalopima ugonjwa, linalochagua aende kwa mganga au hospitali na linalotafuta fedha. Nilipousoma niliona benchi zetu. Benchi ya nje ya wodi ni baraza. Daktari asiyefika huko anapokea hukumu bila kusikiliza kesi.

Msidhani hofu iko upande wa wagonjwa tu. Chukueni homa. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti wa hospitali kumi za kaskazini mashariki ya nchi yetu: wagonjwa zaidi ya 4,400 waliolazwa wakiwa mahututi na kutibiwa kama wana malaria kali. Damu zao zilipopimwa kwa uangalifu, chini ya nusu ndio walikuwa na vimelea. Tukasema, basi tuletewe vipimo vya haraka. Vikajaribiwa hapahapa Tanzania, na matokeo ya mwaka 2007 yakaonyesha kwamba zaidi ya nusu ya wagonjwa ambao kipimo kilisema hawana malaria waliandikiwa dawa ya malaria vilevile. Daktari kaagiza kipimo, kakisoma, halafu kakiweka kando.

Kwa nini? Nami nimefanya hivyo, kwa hiyo nitajibu. Mgonjwa ametoka kisiwani au kijijini tangu alfajiri, ameacha biashara ya sangara, anakwambia, "Daktari, kipimo hakikuona, lakini mimi malaria yangu naijua." Nje kuna watu 60 wanasubiri. Na huku kando ya ziwa malaria ipo kwelikweli. Sote tumeshamzika mtoto aliyekufa kwayo. Unaandika dawa mseto ili yeye aondoke ameridhika na wewe ulale usiku. Mmeamua pamoja, ndiyo, ila mlichoamua pamoja ni woga. Nimonia au homa ya matumbo iliyomleta anarudi nayo nyumbani. Siku hizi nawaambia wanafunzi wangu: ukimwambia mtu "huna malaria" ukanyamaza, umemfukuza. Mwambie unachokitafuta sasa, na mwambie arudi lini, na dalili gani ikitokea asisubiri siku hiyo.

Wenzetu wa mbali nao wamepita humu. Tarehe 1 Oktoba 1999, huko Lanarkshire, Uskoti, Nadine Montgomery alijifungua mtoto wa kiume. Alikuwa na kisukari na umbo dogo; hatari ya mabega ya mtoto kukwama ilikuwa asilimia 9 hadi 10. Daktari wake aliijua, hakumwambia. Alieleza baadaye kwamba akina mama wakiambiwa, watachagua kupasuliwa. Mabega yakakwama, mtoto akakosa hewa, akabaki na ulemavu wa ubongo. Ilichukua hadi Machi 2015 Mahakama ya Juu ya Uingereza kuamua kwamba kipimo cha nini mgonjwa aambiwe ni kile ambacho mtu wa hali yake angeona kina uzito. Desturi ya madaktari haitoshi tena kuwa kipimo. Fikirieni: daktari aliyeogopa uamuzi wa mgonjwa akamnyima cha kuamulia.

Siku hizohizo za Oktoba 1999 Mwalimu Nyerere alikuwa amelazwa London, hospitali ya St Thomas', na tarehe 14 akatutoka. Alijua tangu mwaka 1998 kwamba ana saratani ya damu, akaendelea na usuluhishi wa Burundi. Wengi wetu tulikuja kusikia kuhusu ugonjwa ule mwisho kabisa. Mzee wetu wa Butiama aliambiwa ukweli wake, akachagua wa kumwambia, akachagua kazi ya kuzitumia siku zake. Natamani mkulima wa Kiabakari apewe heshima hiyohiyo.

Kuna jambo jingine linalotuuma. Mwaka 2011 nchi nzima ilikwenda Samunge, Loliondo, kwa Mchungaji Ambilikile Mwasapile kunywa kikombe cha dawa yake kwa shilingi 500. Magari ya Kanda ya Ziwa yalipita Bunda yakashika njia ya Mugumu. Waliotoroshwa wodini walikuwamo, na walioacha dawa za kisukari na za VVU walikuwamo. Wengine walifia kwenye foleni. Tuliwaita wajinga. Mimi nasema tungejiuliza walifuata nini kule. Bei ilikuwa moja kwa tajiri na maskini, na ilijulikana kabla ya safari. Hakuna aliyegombezwa kwa kuchelewa. Ndugu walisafiri pamoja na mgonjwa wao, wakala na kulala naye, na mtu mmoja mzima alimtazama machoni akamwambia atapona. La mwisho hatuwezi kuliahidi, tusiliahidi. Hayo mengine tungeweza kuyatoa, na hatukuyatoa.

Sasa niwape kesi inayokwenda kinyume, maana benchi nayo hukosea. Mzee mmoja wa vijiji vya Butiama alikuja na mguu ulioanza kuoza kwa sababu ya kisukari. Nilimweleza wazi: tukikata chini ya goti, una nafasi nzuri ya kuishi, tukiuacha, sumu itapanda, utafariki kwa wiki au miezi. Nikamuuliza swali la yule muuguzi. Akasema, "Wanangu wote wako Mwanza na Geita kutafuta maisha. Nyumbani nimebaki na wake zao. Nikikosa mguu, nani atanipeleka chooni?" Nilizungumza naye juu ya magongo na mguu wa bandia. Aliuliza maswali mazuri, akaomba usiku mmoja wa kufikiri, asubuhi akasema hapana.

Wanawe wakaja kwa basi, wanalia, wakataka kusaini kwa niaba yake. Niliketi nao kwenye benchi kwa muda wa karibu saa mbili. Niliwasikiliza, nikawarudishia fomu ikiwa tupu. Baba yao alikuwa na akili zake timamu.

Alipokuwa anaondoka alinishika mkono. "Daktari, nimekataa. Utanikasirikia?" Nikasema, "Hapana, mzee wangu." Akasema, "Basi utakuja kunisafisha kidonda?"

Muuguzi wa zahanati alikwenda kila baada ya siku moja, mimi nikaenda Jumamosi. Kila nilipofika nilikuta ameagiza kigoda changu kiwekwe chini ya mwembe, na beseni la maji ya uvuguvugu limefunikwa kwa sinia nzi wasiingie. Tulibadilisha dawa ya maumivu mara tatu, kila mara kwa kukubaliana. Hakufika Jumamosi ya kumi. Siku ya msiba nilitaka kusimama nyuma na majirani, lakini mke wa mwanawe mkubwa alinifuata, akaniwekea kigoda kilekile karibu na wanawe, akaniambia, "Keti, daktari. Alisema ukija ukae hapa."