Matembezi ya Hisani Baada ya Fulana Kufuliwa



Matembezi ya hisani tunayajua. Saa 12 asubuhi watu wamejaa uwanjani, matarumbeta yanalia, mgeni rasmi bado yuko njiani. Kilomita tano, maji ya chupa, hotuba, picha. Wiki ya pili fulana ile inavaliwa shambani, na ukimuuliza aliyeivaa ilikuwa ya ugonjwa gani, anainamisha kichwa aisome. Sikejeli mtu, mimi mwenyewe ninazo nne.

Naomba tumtazame Terry Fox wa Kanada. Mwaka 1977, akiwa na miaka 18, alikatwa mguu wa kulia juu ya goti kwa saratani ya mfupa. Wodini aliwaona watoto wakiteswa na saratani, akatoka na nia ya kuchangisha fedha za utafiti. Tarehe 12 Aprili 1980 alichovya mguu wa bandia katika Bahari ya Atlantiki, pale St. John's, akashika njia ya magharibi. Alikwenda kwa kukimbia, kama kilomita 42 kwa siku: anaruka mara mbili kwa mguu mzima, anapiga hatua moja kwa ule wa bandia. Gari la kulala liliendeshwa na rafiki yake, Doug Alward.

Kwangu mimi, siri ilikuwa kaptula. Alivaa kaptula, kila dereva akauona ule mguu. Kigutu kilichubuka hadi kutoka damu. Watoto walimuuliza maswali, akawajibu bila haya. Ugonjwa uliozoea kunong'onwa ukawa unapita barabarani mchana kweupe.

Ombi lake nalo lilieleweka hata na mtoto: dola moja kwa kila Mkanada. Mji wa Port aux Basques, wenye watu wapatao 10,000, ulichanga zaidi ya dola 10,000. Lakini Quebec wengi hawakumjua. Asipotangulia mtu wa kutangaza, msafiri ni mpita njia tu.

Tarehe 1 Septemba, karibu na Thunder Bay, kifua kilimsimamisha. Saratani ilikuwa imefika mapafuni. Alikuwa amekwenda siku 143 na kilomita 5,373. Februari 1981 michango ilivuka dola milioni 24, karibu sawa na idadi ya Wakanada wa wakati huo. Alifariki Juni, akiwa na miaka 22. Septemba ya mwaka huohuo watu 300,000 walikimbia kwa jina lake, na mbio hizo hufanyika kila mwaka hadi leo.

Hapa kwetu tunayo mithili yake: upandaji wa Kilimanjaro kwa ajili ya mapambano dhidi ya UKIMWI, ulioanzishwa na mgodi wa dhahabu wa Geita mwaka 2002.

Kwa hiyo naziomba kamati zetu: kabla ya kuagiza fulana, andikeni kwa sentensi moja fedha itanunua nini, na lini mtarudi kuwaeleza waliochanga. Na mbele ya msafara atangulie mgonjwa, akiridhia mwenyewe. Mgeni rasmi atamkuta njiani.