Kompyuta Iliyoundwa Nyumbani Inapokataa Kuwaka

Leo nazungumza na wale wanaotaka kujiundia kompyuta ya mezani kwa mikono yao wenyewe, na zaidi na wale ambao wamekwisha kuiunda, wakabonyeza swichi, na kompyuta isiwape jibu.

Tuiweke habari yetu mahali mahsusi. Mahali hapo ni Al Mintirib, mji wa wilaya ya Bidiya, katika mkoa wa Sharqiya Kaskazini nchini Oman. Wengi wenu mnaujua mji huo, au mmeusikia kwa wazee wenu, kwani Sharqiya ni miongoni mwa sehemu za Oman zilizopeleka watu wengi Zanzibar na bara ya Afrika Mashariki. Baada ya mwaka 1964, na hasa baada ya 1970, sehemu hizo zikawapokea wengi waliorejea pamoja na Kiswahili chao. Al Mintirib upo ukingoni mwa jangwa la mchanga la Sharqiya, lijulikanalo pia kama Ramlat al-Wahiba, lenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 12,500. Kutoka hapo hadi Muscat ni safari ya zaidi ya kilomita 200. Umbali huo, pamoja na mchanga na joto, unalifanya suala letu kuwa zito kuliko linavyoonekana.

Tuchukue mfano wa kijana wa mji huo aliyeweka akiba kwa miezi kadhaa, akanunua Muscat vifaa vyote vinavyohitajika: prosesa, kumbukumbu iitwayo RAM, ubao mkuu ambao mafundi huuita mazabodi, kadi ya picha, paua saplai na kasha la kuvitia vyote. Amevifunga kwa uangalifu, amebonyeza swichi, feni zinazunguka, lakini skrini imebaki nyeusi. Fikra ya kwanza inayomjia ni kwamba ameuziwa kifaa kibovu. Akikata shauri papo hapo kuwa prosesa ndiyo mbovu, akaing'oa na kuirudisha dukani, huenda akawa amesafiri zaidi ya kilomita 400, kwenda na kurudi, kwa ajili ya kifaa kizima. Na ikiwa katika kuing'oa amepinda vijipini vya soketi, basi kosa dogo lisilo na gharama amelifanya hasara ya kweli, na dhamana ya duka huenda isimfae tena.

Kwa nini nasema kosa ni dogo? Hapa inafaa tukumbuke jinsi kompyuta hizi zilivyopatikana. Mwezi wa Agosti 1981 kampuni ya IBM ilitoa kompyuta yake binafsi, iliyoundwa kwa sehemu nyingi zilizotengenezwa na kampuni nyingine, na mpangilio wake ukachapishwa wazi. Mwaka 1995 kampuni ya Intel ikatoa kipimo kiitwacho ATX, kinachoeleza ukubwa wa mazabodi, mahali pa skrubu zake na namna ya kuipelekea umeme. Ndiyo maana leo mtu anaweza kununua vifaa vya viwanda sita tofauti na vikaingiliana. Lakini zingatieni jambo hili: kila kifaa kilikaguliwa kiwandani mwake, ilhali vyote kwa pamoja vinakutana kwa mara ya kwanza nyumbani kwako. Kwa hivyo, kompyuta mpya inapokataa kuwaka, mara nyingi kosa lipo mahali vifaa vinapoungana, wala si ndani ya vifaa vyenyewe. Basi tuanze kuyakagua maungio hayo, hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza ni umeme. Ikiwa hakuna taa inayowaka wala feni inayozunguka, chomeka taa ya mezani katika soketi ile ile ya ukutani, ujue kama umeme upo. Nyuma ya paua saplai kuna swichi yenye alama ya mstari na ya duara; iwe upande wa mstari. Kisha tazama waya mbili zinazoingia katika mazabodi. Mmoja ni mpana, wenye pini 24, na hausahauliki. Wa pili, aghalabu wenye pini nane, huingia pembeni karibu na prosesa, na huo ndio unaosahauliwa na wengi. Halafu kagua nyaya nyembamba zinazotoka katika kitufe cha kasha, kwani zikikaa katika pini zisizo zake, kitufe hakitafanya kazi. Kitabu kinachokuja pamoja na mazabodi kina mchoro wake. Ama paua saplai yenyewe, isifunguliwe kamwe. Ndani yake mna sehemu zinazohifadhi umeme mkali hata baada ya kuchomolewa ukutani.

Hatua ya pili ni pale feni zinapozunguka na skrini ikabaki nyeusi. Uliza kwanza: waya wa skrini umechomekwa wapi? Penye kadi ya picha, uchomekwe katika kadi hiyo, si katika mazabodi. Je, kadi yenyewe imepata waya wake wa umeme? Kisha zibonyeze RAM mpaka vishikizo vyake vilie. Zikiwa mbili, zikae katika nafasi zinazotajwa na kitabu, ambazo kwa kawaida ni ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa. Na kwa wenye RAM za aina ya DDR5, zilizoingia madukani mwishoni mwa 2021, kuna jambo la kuzingatia: kompyuta inapowashwa mara ya kwanza hujifunza kuzisoma RAM hizo, na skrini yaweza kubaki nyeusi kwa dakika kadhaa. Anayekata umeme kwa kukosa subira huilazimisha kuanza upya. Iacheni robo saa kabla ya kutoa hukumu.

Ikiwa bado hakuna jibu, tufike hatua ya tatu, nayo ni kupunguza. Kata umeme, itoe mazabodi katika kasha, uilaze juu ya boksi lake la karatasi ngumu. Iache na prosesa pamoja na kipozeo chake, RAM moja, paua saplai na skrini. Kama prosesa yako haina uwezo wa kutoa picha, ongeza kadi. Ikiwaka hapo, na ndani ya kasha ilikataa, basi kuna kitu ndani ya kasha kinachoigusa, pengine kijiguu cha shaba kilichofungwa mahali pasipo na tundu la skrubu. Kisha rudisha vifaa kimoja baada ya kingine, na kila mara uwashe. Sharti ni kubadili kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Anayebadili vitatu kwa pamoja hata akifaulu hatajua kilichomfaulisha.

Mazabodi nyingi zina taa ndogo zinazoonyesha ukaguzi umekwama wapi. Lakini taa ya RAM ikiwaka haimaanishi kwamba RAM imekufa. Yaweza kuwaka kwa sababu prosesa haikukaa sawasawa. Taa inaelekeza pa kutazama, haitoi hukumu. Vilevile, mazabodi iliyotengenezwa kabla ya prosesa yako huenda isiitambue mpaka programu yake ya kuanzia, iitwayo BIOS, ifanywe upya, na baadhi ya mazabodi huweza kufanyiwa hivyo kwa kutumia kidude cha USB peke yake.

Kila unalolijaribu, liandike. Mwezi wa Septemba 1947, mafundi wa kompyuta kubwa ya Mark II katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walimkuta nondo amenaswa ndani ya mtambo wao. Hawakumtupa, bali walimbandika katika daftari la kazi, na karatasi hiyo imehifadhiwa katika makumbusho hadi leo. Neno mdudu kwa maana ya hitilafu lilikuwapo kabla yao, lakini desturi yao ya kuandika ndiyo ya kuigwa.

Wasikilizaji wapenzi, kwa wanaoishi jangwani yapo mengine ya kuongeza. Hewa kavu na zulia hukusanya mwilini umeme tuli usioonekana, unaoweza kuua kifaa. Basi fanyeni kazi juu ya meza, na mguse chuma kitupu cha kasha kabla ya kushika chochote. Ikiwa kompyuta inawaka kisha inajizima, tazameni kama karatasi ya plastiki ilisahauliwa chini ya kipozeo, au feni yake haikuchomekwa, kwani prosesa inapokaribia nyuzi joto 100 hupunguza kasi au hujizima ili isiungue. Na chumba chenye joto la nyuzi 40, kama ilivyo kawaida Bidiya wakati wa kiangazi, hakiwezi kuipoza kompyuta chini ya nyuzi hizo. Ipeni nafasi ya kupumua mbali na ukuta, na vumbi lipulizwe uani kila baada ya muda, huku feni imeshikwa kwa kidole isizunguke.

Baada ya yote hayo, yawezekana kweli kifaa ni kibovu. Hapo kijana wetu ataifunga safari ya Muscat akiwa na daftari mkononi. Hatamwambia muuzaji, "Kompyuta haifanyi kazi." Atamwambia, "RAM hii nimeijaribu peke yake katika nafasi mbili, ikakataa. Mwenzake imekubali katika nafasi zile zile." Hayo ni maneno ambayo muuzaji muungwana hana njia ya kuyapuuza, na petroli ya safari haitakuwa imepotea bure.

Wazee wetu walisema, mwenda pole hajikwai.