Kimeta na Mzoga Usiopasuliwa



Mwaka 2015 nyati mamia walikufa kwa kimeta katika Mbuga ya Ziwa Nakuru, mlangoni pa mji wetu. Twaulizwa: ugonjwa huu hukaa wapi miaka usipoonekana?

Hukaa udongoni. Kimeta huletwa na bakteria, kiumbe wa chembe moja, mfano wa kijiti, asiyeonekana ila kwa hadubini. Akiingia katika damu hujivika koti la utelezi, hata chembe nyeupe za damu, zilizo askari wa mwili, hushindwa kummeza. Kisha hutoa sumu ivimbishayo na kuua.

Lakini hila yake kubwa ni nyingine, nayo Daktari Robert Koch wa Ujerumani aliionyesha mwaka 1876. Mzoga ukipasuliwa na damu ikamwagika, bakteria hukutana na hewa, naye hujifungia ndani ya ganda gumu, akalala. Ganda hilo halijali jua wala ukame. Hudumu ardhini makumi ya miaka. Basi tunapomchuna ng'ombe aliyekufa ghafula, damu nyeusi isiyoganda ikimtoka puani, twapanda kimeta malishoni kwa visu vyetu wenyewe.

Twajua uchungu wa kuzika nyama na ngozi, hasa kwa mwenye ng'ombe mmoja. Hata sisi tusemao tulipata kuila nyama kama hiyo, tukanyamaza. Hata hivyo twawasihi: mzoga huo usiguswe, aitwe afisa wa mifugo, na mifugo iliyo hai ichanjwe kila mwaka. Aliyekwisha kuugusa, akiota kidonda cheusi kisichouma, aende hospitali siku ile ile, dawa ipo.