Tabibu, Katibu na Hisabu: Elimu ya Uzamili ya Uendeshaji wa Afya Itazamwapo kutoka Mbinga



Desturi ya mhadhara wa namna hii ni kwamba aliyepewa kiti cha uprofesa hueleza ilimu yake imetoka wapi na yaelekea wapi. Nami, kwa kuwa ilimu yangu ni ya uendeshaji wa huduma za afya, ambayo wengi hudhani haina makao ila penye meza, mihuri na majalada, nimeona heri niianzie mahali ambapo meza ni haba na kazi ni tele, nako ni Mbinga na ufuko wa Ziwa Nyasa, tangu Lituhi penye mlango wa mto Ruhuhu hata Chiwindi mpakani mwa Msumbiji.

Nchi hiyo ina sura mbili. Juu ni milima ya Umatengo, yenye kahawa na mashamba ya ngoro, ambako baridi ya Juni humfanya mtu ajitande blanketi hata jua likiwa limepanda. Chini ni ziwa, joto, dagaa na mbu. Hospitali mbili kongwe zimegawana sura hizo: ya Litembo milimani, tunda la misheni ya Wabenediktini, na ya Mtakatifu Anna huko Liuli, bandari iliyoitwa Sphinxhafen zama za Wajerumani, hospitali ambayo asili yake ni misheni ya Kianglikana ya UMCA, iliyoendesha kazi zake ziwani kwa meli ya Chauncy Maples tangu mwanzoni mwa karne iliyopita. Mwuguzi wa zama zile, akitaka asitake, alikuwa mwendeshaji pia, maana asiyejua hisabu ya siku za meli, ya mafuta ya taa na ya vitambaa vya kufungia vidonda, utabibu wake ulikwisha pale chombo kilipochelewa.

Mwaka 2012 wilaya ya Nyasa ilitengwa na Mbinga, makao yake makuu yakawa Mbamba Bay. Wilaya huweza kuzaliwa kwa tangazo la serikali, ama mganga mkuu wa wilaya, katibu wa afya, mfamasia na mhasibu wa afya wenye uzoefu hawapatikani kwa tangazo. Na ufuko ule, ambao zamani ulikuwa pembe ya mbali ya Mbinga, ulihitaji kwa ghafla watu wa kuupangia bajeti yake wenyewe.

Niruhusuni niwaingize katika zahanati moja ya ufukoni, nisiyoitaja jina. Mganga mfawidhi amekwisha kuwaona wagonjwa wa asubuhi; alasiri anafungua leja ya dawa, anahesabu vidonge vya mseto, vipimo vya malaria, na zile sindano za kuzuia damu kwa mama aliyejifungua, ambazo sharti zikae kwenye jokofu. Akiagiza kidogo, mvua za masika zitamkuta rafu tupu. Akiagiza kingi, dawa zitaisha muda wake zikiwa kabatini, naye ataulizwa na mkaguzi. Bohari ya Dawa ikikosa, hana budi kufuata taratibu za kununua kwa mshitiri. Fauka ya hayo, tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za uendeshaji hupelekwa moja kwa moja katika akaunti ya kituo, jambo ambalo mimi naliunga mkono kwa moyo wote; walakini kwa neema hiyo tabibu wetu amekuwa pia mhasibu, mnunuzi, mwajiri wa mlinzi na katibu wa kamati ya kituo, bila mtu kumfundisha hata moja kati ya kazi hizo kwa utaratibu. Na miezi ya kusi, mawimbi yanapowazuia wenye mitumbwi, mgonjwa wa rufaa aliyepangiwa kupita majini hupita nchi kavu, kwa gharama ambayo haikuwamo katika mpango.

Hapo ndipo penye darasa la uzamili, laiti tungelitambua. Dalili kubwa tunayo humu humu nchini. Tangu 1996 Wizara ya Afya, pamoja na shirika la utafiti la Kanada, IDRC, iliendesha mradi wa TEHIP katika wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini. Ilibainika kwamba huko Morogoro malaria ilichukua takriban 30% ya miaka ya uhai iliyopotea, ilhali ilitengewa 5% tu ya fedha. Waganga wakuu na timu zao hawakupelekewa mabingwa wala majumba ya ghorofa. Walipewa zana za kupangia na nyongeza ndogo ya fedha, isiyozidi dola mbili kwa kila mkazi kwa mwaka, wakahamishia matumizi yao kule yaliko maradhi. Na vifo vya watoto vikashuka kwa zaidi ya 40% katika muda wa miaka mitano hivi. Sijui dawa gani mpya ingalitenda hayo kwa bei ile.

Elimu yenyewe si ngeni duniani. Chuo Kikuu cha Chicago kilianza kutoa uzamili wa uendeshaji wa hospitali mwaka 1934, chini ya Michael M. Davis, ambaye hakuwa daktari. Nasi tunayo shahada ya uzamili ya usimamizi wa mifumo ya afya huko Mzumbe, na ya afya ya jamii huko Muhimbili. Upungufu si wa shahada, ni wa namna mbili. Kwanza, aghalabu twamchukua mpasuaji hodari, twamfanya mtia sahihi hati za malipo, tukampoteza mpasuaji bila kumpata mwendeshaji, ilhali katibu wa afya, ambaye kazi hiyo ndiyo fani yake, hukaa pembeni akiandika mihtasari. Pili, tasnifu. Nimesoma nyingi zinazowauliza wagonjwa mia mbili kama wameridhika sana, kiasi, au hawakuridhika, hata sasa naweza kuikisia sura ya tano kwa kuisoma ya kwanza.

Rai yangu ni kwamba mwanafunzi wa uzamili apelekwe mwaka mzima chini ya katibu wa afya wa halmashauri kama Nyasa au Mbinga, wala asipangwe makao makuu ya mkoa, na badala ya tasnifu ya dodoso alete mpango wa mwaka wa vituo vitatu: maoteo ya dawa yaliyolinganishwa na leja, njia za rufaa za masika na za kusi, na mizania inayofungika. Na utetezi ufanyike wilayani, mfawidhi mmoja wa zahanati akiwa miongoni mwa watahini, tena mwenye kura kamili. Nimekwisha kuambiwa kwamba mwenye stashahada hawezi kumtahini mwenye shahada ya kwanza anayetafuta ya pili, na kwamba heshima ya chuo itashuka. Hoja hiyo nimeipima, nayo haikunitosha: maprofesa wawili watakaokaa na mfawidhi huyo wataulinda uchambuzi, yeye atauliza maoteo ya mseto ya Februari yalitoka ukurasa upi wa leja.