Motakaa Kuukuu na Kipimo cha Joto

Leo nitasema habari ya motakaa kuukuu ipandayo Kitonga kwenda Iringa, na mshale wa kipimo cha joto ukapanda pamoja nayo. Wengi hukimbilia kununua rejeta mpya. Hiyo ni haraka ya kupoteza fedha.

Kwanza ujue kama kipimo chasema kweli. Asubuhi, injini ikiwa baridi, ukifungua swichi na mshale ukaruka mara moja hadi penye rangi nyekundu, maji hayana kosa. Kosa ni la waya au la kipimo chenyewe.

Joto likiwa la kweli, angalia lazidi wapi. Likizidi gari lisimamapo sokoni na kupungua liendapo, shuku feni na mkanda wake. Likizidi mlimani tu, yamkini rejeta imeziba kwa kutu.

Lakini watu wa nyanda za juu wana jambo lao. Mbeya iko kiasi cha mita 1,700 juu ya bahari. Huko uzito wa hewa umepungua, na maji ya sufuriani huchemka kwenye digrii 94 hivi, wala si 100. Kifuniko cha rejeta ndicho kiyabanacho maji yasichemke upesi. Mpira wake ukichakaa, maji yatachemka Mbeya kwa joto ambalo Dar es Salaam yangelistahimili. Basi badili kifuniko kabla ya rejeta. Bei yake ni ndogo. Ila nawasihi, msikifungue injini ingali moto: mvuke wake huunguza uso na macho.