Tulikosea Wapi? Mafunzo Kutoka kwa Vifaa Vilivyoshindwa

(Mazungumzo yaliyotolewa kwa viongozi wa vikundi vya maendeleo na jumuiya ndogo ndogo za Kikristu, ukumbi wa parokia, Eastlands, Nairobi)



Kamati ilituomba tuzungumze juu ya maendeleo na vifaa vya kisasa. Jambo lenyewe mnalijua. Mwezi ujao vikundi vyetu vitapiga kura kama tuviweke kando vitabu vya hesabu, tuanze kutumia programu ya simu ambayo tumeletewa, na kuilipia kila mwezi kutoka mfuko wa pamoja. Kuna wanaosema hayo ndiyo maendeleo. Kuna wanaosema ni kutupa pesa kwa shimo. Wengine wameanza kununiana, na si vizuri watu wa chama kimoja wanuniane kabla hata ya kura.

Leo tuangalie nyuma kidogo. Kuna vitu vilivyokuja hapa kwetu kwa shangwe na kuondoka kimya kimya. Tukijua kwa nini viliondoka, labda tutapiga kura kwa akili zaidi.

Tuanze na makosa yetu wenyewe

Ni rahisi kucheka makosa ya serikali na ya makampuni makubwa. Kwa hivyo tuanze na ofisi yetu ya huduma za jamii.

Miaka kadhaa iliyopita tulileta majiko ya jua. Wengine wenu mnayakumbuka: sanduku jeusi ndani, kioo juu, na kifuniko kinachong'aa cha kurudisha mwanga. Wafadhili walilipa sehemu kubwa, na kila mama akachanga shilingi mia tano. Siku ya kuyazindua tulipika wali hapa nje, ukaiva bila kijiti kimoja cha kuni. Tulipiga makofi. Tulipiga na picha.

Baada ya miezi mitatu tulitembea nyumba kwa nyumba. Sanduku moja lilikuwa kiota cha kuku. Lingine lilikuwa chini ya kitanda, limejaa viatu vya watoto. Kule Kayole tulimkuta mama anayeishi orofa ya tatu. Jua linafika kwenye veranda yake kwa muda mfupi tu, na hapo ndipo wapangaji wote wanaanika nguo. Alijaribu kupika juu ya paa, githeri ikaibwa pamoja na sufuria. Halafu akatuambia neno ambalo hatujalisahau: "Nyinyi watu wa ofisi, hili jiko lenu nalo linafanya kazi saa za ofisi."

Kweli tupu. Mama huyo anatoka saa kumi na moja alfajiri kwenda Gikomba. Anarudi saa moja jioni, na hapo ndipo anapika. Jua limeshalala. Sisi hatukuwa tumemwuliza hata siku moja anapika saa ngapi.

Ubaya zaidi ni huu. Katika ripoti tuliandika kwamba akina mama "hawakuelimishwa vya kutosha". Tuliwalaumu wao. Akina mama wawili waliacha kikundi kwa sababu ya zile mia tano, na mmoja wao mpaka leo tukikutana sokoni hutusalimu haraka haraka na kupita. Mia tano si pesa nyingi kwa mfadhili. Kwake ilikuwa unga wa wiki nzima.

Gari la Nyayo

Sasa tutoke nje ya parokia. Mwaka 1986 Rais Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kitengeneze gari la Kenya. Wahandisi wakafanya kazi, na Februari 1990 Nyayo Pioneer ikaonyeshwa kwa wananchi pale Kasarani. Yalitengenezwa matano ya majaribio, na yalitembea. Moja lilifika mwendo wa kilomita 120 kwa saa.

Watu wengi hulicheka gari hilo. Sisi hatuoni la kucheka. Wakenya walionyesha kwamba vipuri vinaweza kuchongwa hapa. Lakini kutengeneza matano ya sherehe si sawa na kutengeneza maelfu ya kuuza. Pesa za viwanda hazikupatikana, na magari hayakufika sokoni. Walichoachiwa wananchi ni karakana ya kuchonga vyuma, Numerical Machining Complex, iliyoanzishwa mwaka 1994. Funzo ni fupi: siku ya uzinduzi ni rahisi kuipanga. Kazi iko kwenye siku inayofuata.

Kadi za matatu

Mfano wa pili sote tuliuona kwa macho, maana ulipitia kwenye barabara zetu. Mwaka 2013 kampuni ya Google, ikishirikiana na Equity Bank, ilileta kadi ya nauli iliyoitwa BebaPay. Kadi ilitolewa bure. Unaweka pesa kwa wakala, unapanda gari, makanga anaigusisha kwenye simu yake, nauli inakatwa, na wewe unapata ujumbe. Serikali nayo ikasema kwamba kufikia tarehe 1 Julai 2014 magari ya abiria yaache kupokea pesa mkononi. Zikatokea na kadi nyingine. Siku ikafika, ikasogezwa mbele. Ikafika tena, na pesa za mkononi zikaendelea. Mwaka 2015 Google wakaifunga BebaPay.

Kwa nini? Kifaa hakikuwa kibovu. Kampuni ilikuwa miongoni mwa kubwa kabisa duniani. Benki ilikuwa na mawakala mpaka vichochoroni. Amri ya serikali ilikuwepo. Ni nini zaidi kilihitajika?

Hebu tupande matatu ya Umoja tumwangalie makanga. Asubuhi mwenye gari amemwambia alete kiasi fulani jioni. Akishapeleka hicho na kuweka mafuta, kinachobaki ni chake na dereva. Hiyo ndiyo mshahara, kodi ya nyumba na karo. Mchana anahitaji pesa mkononi: mafuta, chakula, vijana wa steji, na yule askari ambaye hasalimiwi mikono mitupu. Mvua ikinyesha, nauli inapanda kabla matone hayajagusa lami. Hayo yote ni pesa taslimu.

Kadi iliipeleka nauli moja kwa moja kwenye akaunti ya mwenye gari. Mwenye gari alifurahi kujua kila shilingi. Makanga je? Aliombwa ashike kwa mikono yake mwenyewe mashine ya kuondoa chakula chake mezani, bila kuahidiwa mshahara wa mwezi badala yake. Basi akasema mashine imeisha chaji. Akasema mtandao haupo. Abiria naye alikuwa na haraka ya kufika kazini, akatoa noti. Mashine ikashindwa, na hakuna aliyeipigia kura ya kuikataa.

Hatusemi makanga alikuwa mtakatifu, na hongo ni dhambi hata ikiitwa chai. Tunasema hivi: anayeleta kifaa asiulize tu kitamsaidia nani. Aulize pia kitampunguzia nani, na huyo atakula nini.

Angalieni leo. Magari yale yale yanapokea M-Pesa. Abiria hakukataa kulipa kwa simu, na makanga pia hakukataa. Tofauti ni kwamba pesa inapoingia kwa simu ya makanga anaiona hapo hapo, na anaweza kununulia mafuta.

Na hiyo M-Pesa yenyewe haikuanza ilivyo. Ilipojaribiwa kuanzia mwaka 2005, lengo lilikuwa wakopaji wa Faulu Kenya walipe mikopo yao kwa simu. Wenye kazi wakaona watu wanaitumia kutumiana pesa wao kwa wao. Hawakuwakemea kwamba wanaitumia vibaya. Walibadilisha mpango, na Machi 2007 wakaizindua kama huduma ya kutuma pesa. Waliwatazama watu kwanza.

Jiko lililokubali kusahihishwa

Tusiondoke na masikitiko peke yake. Mlipokuja hapa, wengine mmepita Shauri Moyo na Kamukunji, na mmesikia nyundo za jua kali. Pale ndipo lilipokulia jiko ambalo wataalamu wanaliita Kenya Ceramic Jiko, la bati nje na udongo wa kuchomwa ndani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wazo lake lilichukuliwa kutoka jiko la ndoo la Thailand. Yale ya kwanza yalikuwa na shida: udongo ulipasuka mapema. Waliolitumia jikoni, hasa vikundi vya akina mama, walisema wazi, na watengenezaji wakasikia. Umbo likabadilishwa mpaka likawa hilo lenye kiuno chembamba mnalolijua. Mafundi wakafundishwa kulitengeneza, wakashindana, bei ikashuka. Linatumia makaa machache kuliko jiko la bati tupu. Udongo ukipasuka, fundi yuko karibu. (Ila tafadhali, msilale nalo chumbani madirisha yakiwa yamefungwa. Moshi hauonekani lakini hewa ya makaa inaua.)

Jiko hili nalo lilianza kwa kushindwa, kama la kwetu la jua. Lakini lilipopasuka, wenye kulileta waliuliza jiko lina kasoro gani. Sisi letu lilipowekwa chini ya kitanda, tuliuliza mama ana kasoro gani.

Maswali manne kabla ya kura

Sasa turudi kwa hii programu ya simu. Tunapendekeza kila kikundi kijiulize haya:

1. Nani aliulizwa? Katika vikundi vyetu kuna nyanya wenye simu ndogo ya tochi. Je, wataona hesabu yao, au watasomewa na wajukuu?

2. Nani atapungukiwa? Swali hili lina makali pande mbili. Huenda atakayepungukiwa ni katibu anayelipwa nauli ya kuandika kitabu, na huyo tumfikirie kama tulivyomfikiria makanga. Lakini kitabu nacho si malaika. Tumeona kurasa zikinyofolewa. Mtu akipinga kwa sababu hataki hesabu ionekane, hilo nalo tulijue.

3. Ikiharibika saa mbili usiku siku ya kugawana pesa, fundi ni nani na anakaa wapi?

4. Tukiiacha au wenyewe wakifunga, tunabaki na nini? Kama Google iliweza kufunga BebaPay, kijana wa ofisi ya chumba kimoja pia anaweza kufunga. Kitabu cha shilingi hamsini hakifungi biashara.

Hatuwaambii mkatae, wala hatuwaambii mkubali. Maoni yetu ni haya: kikundi kimoja kinachotaka kwa hiari kiijaribu kwa miezi mitatu, huku kitabu kikiendelea kuandikwa vile vile. Kila mwisho wa mwezi hesabu mbili zilinganishwe mbele ya wanachama wote, na nyanya wa simu ya tochi ndiye awe wa kwanza kuulizwa kama ameelewa. Halafu ndipo tupige kura. Kijana mwenye programu akikataa jaribio la namna hiyo, amekwisha kutujibu.

Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Bwana wetu anamtaja mtu anayetaka kujenga mnara. Anauliza kama hataketi kwanza ahesabu gharama, asije akaanza akashindwa kumaliza, na watu wakamcheka. Sisi tulijenga mnara wa majiko ya jua bila kuketi. Kuchekwa si kitu, tulistahili. Kinachotuuma ni yule mama anayepita haraka sokoni. Ofisi imekubaliana kumtafuta, na mwenzake pia, tuwaombe msamaha na kuwarudishia mia tano zao. Tumechelewa, lakini ni afadhali kuchelewa.