Juu ya nini Leta inalazimisha vijana kuingia jeshi? Tujifunze kwa Myanmar



Kila mara vita ikikaribia, kuna mwenye anasema mitaani: «Walazimishe vijana wote waingie jeshi!» Tunaelewa ile hasira. Lakini mbele ya kuitika, tuangalie inchi moja yenye ilifanya vile: Myanmar, kule Asia.

Tarehe 1 Februari 2021, majenerali walipindua serikali yenye raia walichagua. Vijana waliingia barabarani mikono mitupu, wakapigwa risasi. Wengi wakakimbilia porini, wakashika silaha. Tarehe 27 Oktoba 2023, vikundi vitatu vya wapiganaji vikashambulia kambi za jeshi katika jimbo la Shan. Mji wa Laukkai ulipoanguka, Januari 2024, maaskari zaidi ya 2.000 walijisalimisha.

Mwezi uliofuata, tarehe 10 Februari, majenerali wakafufua sheria ya mwaka 2010 yenye ilikuwa imelala: wanaume wa miaka 18 mpaka 35, wanawake wa miaka 18 mpaka 27, wote jeshini miaka 2. Wakati wa hali ya hatari, inafika miaka 5. Mwenye kukwepa, jela.

Juu ya nini? Walisema ni kulinda taifa. Lakini ukweli ni huu: maaskari walikuwa wanakufa, wengine wanatoroka, na vijana wa kujitolea hawakuonekana tena.

Na vijana walijibu namna gani? Walipanga mstari mrefu mbele ya ubalozi wa Thailand kule Yangon. Mandalay, wanawake 2 walikufa katika msukumano kwenye ofisi ya paspoti. Wengine walienda kujiunga na wale wale wenye sheria ilitaka wapigane nao.

Hata Uingereza ililazimisha watu mwaka 1916, kwa kuwa wa kujitolea hawakutosha. Lakini kule Bunge lilijadili, raia walikuwa wameandikishwa mwaka 1915, na kulikuwa mabaraza ya kusikiliza mwenye anaomba kuachwa.

Sasa turudi kwetu. Katiba yetu, kifungu cha 63, inasema kulinda inchi ni haki na wajibu mtakatifu wa kila Mkongomani, na kwamba sheria inaweza kuanzisha utumishi wa lazima jeshini. Basi siku moja jambo hili linaweza kufika mezani. Lakini sensa yetu ya mwisho ni ya 1984! Leta yenye haijui hesabu ya vijana wake itaita nani? Itakamata wenye itakuta barabarani. Mtoto wa mkubwa atakuwa Ulaya.

Sisi hatukatai kulinda inchi. Tunataka mambo manne kwanza:
– raia wahesabiwe;
– mshahara wa askari umufikie mwenyewe;
– Bunge lijadili mbele ya raia wote;
– mtoto wa waziri aitwe siku moja na mtoto wa muuza makala.

Tuongee juu ya hii katika mitaa na vyuo vyetu sasa, sheria ikiwa bado haijaandikwa.